Wameniita kwa risachi na watanilipa, niende?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba kuna vyuo na vituo vya utafiti vinalipa watu wa kawaida waje wakae kwa kompyuta waamue mambo ya pesa na maisha ili watafiti waone binadamu anaamua vipi, basi maswali yakamiminika. Wengine mmeshapata meseji, wengine mmeshaenda na mmerudi na malalamiko, kuna mama mmoja usingizi umempotea kwa sababu ya bintiye. Na kwa vile mi mwenyewe nimefanya hiyo kazi ya kualika watu na kuwasomea fomu kabla sijaingia kwa uandishi, leo safu yote tuipe hii kitu. Majina nimetoa, barua ndefu nimezipunguza.

Habari ya kazi. Mimi ni kijana wa Kayole, kazi yangu ni mjengo lakini sahii imepungua. Jana nimepata meseji ati nimechaguliwa kushiriki utafiti, niende town saa tatu asubuhi, nitapewa mia nne ya kufika na "naweza kupata zaidi kulingana na maamuzi yangu". Hiyo ya mwisho ndo imenishtua. Maamuzi gani? Jirani anasema ni matapeli. Niende ama nikae?

Kabla ya yote, jiulize namba yako waliitoa wapi. Kumbuka vizuri, hakuna siku kijana mwenye tableti na beji shingoni alipita kwa ploti akauliza umri, umesoma mpaka wapi, na kama ungependa kuitwa siku moja? Mara nyingi ndo hivo inaanzaga. Hawa watu wanaweka orodha ya waliokubali kuitwa halafu wanachagua kutoka hapo. Nairobi sio kitu kigeni, kituo cha Busara kwa mfano kina zaidi ya miaka kumi kikiita watu wa Kibera, Viwandani na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waje maabara, na malipo yanaingia kwa M-Pesa. Kama hukumbuki mtu yeyote kama huyo, piga hiyo namba uwaulize wenyewe. Watafiti wa kweli hawakasiriki ukiuliza.

Tapeli utamjua kwa kitu kimoja, atataka pesa itoke kwako. Tuma mia mbili ya usajili, tuma ya kufungua faili, tupe PIN tuhakikishe laini yako, hapo funga simu. Kwa utafiti wa kweli hakuna hata shilingi inatoka mfukoni mwako kwenda kwao, labda nauli tu, na hiyo wanakurudishia au imehesabiwa ndani ya ile pesa ya kufika. Tena ukifika una haki ya kuomba kuona leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na utafiti. Hapa Kenya utafiti unatakiwa uwe nayo, ni karatasi ina jina la mtafiti, mada, mwisho wake lini na ile alama ya mraba ya kuskani. Toa simu uskani hapo hapo, usione haya.

Sasa ndani kunakuaga vipi. Utapewa namba, jina lako halitatumika kwa mchezo. Utakaa kwa meza iliyozibwa kando na jirani amezibwa pia, msiangaliane. Mtu atasoma fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, polepole mpaka uchoke, na ukiuliza swali anaweza kukurudishia sentensi ile ile aliyosoma mwanzo kama kasuku, usidhani anakudharau, ni kwamba kila kikundi lazima kisikie maneno yale yale, wa leo na wa mwezi ujao, la sivyo hawatajua kama nyinyi mmetofautiana kwa tabia ama kwa maelezo mliyopewa. Kisha kuna maswali ya mazoezi, halafu mchezo wenyewe.

Huo mchezo ndo unaleta hiyo "zaidi". Kuna mmoja maarufu ulioandikwa 1995 na wachumi watatu wa Marekani, Berg, Dickhaut na McCabe, na mpaka leo unachezwa dunia nzima kwa namna mbali mbali. Tuseme unapewa mia. Unaweza kumtumia mtu usiyemjua, yuko chumba kingine, kiasi chochote au usitume. Ukituma, kile ulichotuma kinazidishwa mara tatu, yeye anapata, halafu yeye ndo anaamua atakurudishia ngapi, au asirudishe kitu. Ukituma yote mia anapata mia tatu, akikurudishia mia na hamsini mmefaidi wote, akinyamaza nayo umeenda nyumbani bila. Wanapima uaminifu hapo. Mwingine utaulizwa unataka mia leo ama mia na hamsini baada ya mwezi, wanaangalia subira. Na mwingine unachagua kati ya pesa kidogo ya uhakika na pesa nyingi ya bahati nasibu. Mara nyingi mwishoni kompyuta inachagua raundi moja tu ndo ulipwe, kwa hivyo kila raundi amua kama hiyo ndo ya pesa. Hakuna jibu sahihi, na ukiuliza wenzako kwa choo watajibu nini umejipotezea muda tu.

Kwa hivyo niende ama nisiende? Kama siku hiyo hauna mjengo, nenda. Kama foreman amekuita, nenda mjengo, manake hii ya risachi ukitoa nauli ya kwenda na kurudi na masaa matatu ya kukaa haifikii siku ya kazi, na wiki ijayo hawatakuita tena. Halafu jua kwamba sehemu nyingi hiyo pesa ya kufika ni yako hata kama umesikiliza fomu yote ukasema hapana sitaki, ukasimama ukatoka. Wanalipa muda wako. Watu wengi hawajui hii na wanavumilia maswali ambayo hawayataki wakidhani wakikataa moja wamepoteza yote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Thika. Nilishiriki utafiti mwaka jana nikapewa mia tano nigawane na mtu nisiyemjua, naye hakuwa na la kusema, nitakachotoa ndicho atapata. Nilimpa hamsini. Hakuna aliyeniambia kitu ila nilitoka pale nikijiona mchoyo na kusema kweli bado inanisumbua. Kwani walitaka kuonyesha nini?

Mwalimu, hamsini umetoa, kuna wanaotoa sufuri wanatoka wakipiga mluzi.

Hii kitu ina historia nzuri sana na sisi tumo ndani yake. Kwa muda mrefu michezo kama hii ilichezwa na wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya, halafu matokeo yanaandikwa "binadamu". Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha wanaanthropolojia na wachumi, akiwemo Joseph Henrich, wakasema hebu twende tucheze na watu wengine. Wakaenda jamii 15 ndogo ndogo pembe mbali mbali za dunia, na ripoti ya kwanza ikatoka 2001. Wakafika kwa Wahadzabe wa Tanzania kule Ziwa Eyasi, na hapa Kenya kwa Waorma wa Tana River ambako Jean Ensminger alikuwa ameshakaa nao miaka. Waorma walipoelezewa ule mchezo wa kila mtu kuweka pesa kwa kapu moja halafu inaongezwa na kugawanywa, wakasema aah, hii si ni harambee. Na wakatoa vizuri tu, manake harambee wanaijua, mwenye mali anatarajiwa atoe.

Sasa ule mwingine ambao unagawa lakini mwenzako anaweza kukataa na mkikosana wote mnakosa, Wahadzabe wengi walipendekeza kidogo na wenzao wakakataa sana, hata ingawa ni watu wanaogawana nyama kila siku, ila porini wanagawana huku macho yote yanaangalia. Kule Papua New Guinea, jamii za Au na Gnau, mtu anapewa zaidi ya nusu na bado anakataa! Sababu ni kwamba kwao zawadi kubwa usiyoiomba ni deni, kesho utadaiwa upendeleo. Kwa hivyo hamsini yako haipimi roho yako, inapima vile mtu wa mahali fulani, kwa chumba kisicho na anayemjua, anasoma hiyo hali. We Thika ungekutana na huyo mtu amesimama stendi hana nauli ungemtoa, nina hakika.

Mwaka 2010 Henrich na wenzake wawili wakaandika tena makala iliyosumbua watu wa saikolojia kwa sababu ilionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya utafiti wa tabia umefanywa na watu wa nchi tajiri za Magharibi, na kwamba hao ndo hawafanani na wengine duniani. Tangu hapo kuitwa kwa watu kama wewe kukawa na uzito. Mimi ukiniuliza, ile hamsini ya mwalimu wa Thika imesaidia sayansi kuliko mia mbili na hamsini ya mtoto wa chuo aliyetoa nusu kwa vile alisoma kwa kitabu ndo inatakiwa.

Asalaam aleykum mwanangu. Mimi ni mama yao Likoni. Binti yangu yuko chuo Nairobi, amenambia hulipwa kwa kujaza maswali na mara moja walimchukua mate kwa kijiti. Hapa mtaani wanasema hizo ni pesa za frimasoni na siku moja watamtoa damu. Nimemkataza lakini najua yuaenda. Nifanyeje?

Waleykum salaam mamangu.

Hayo maneno ya mtaani hayakuanza Likoni. Mwaka 2015 hivi shirika la Kimarekani la GiveDirectly, lile la kugawa pesa bila masharti, lilifika Homa Bay na watu wengi sana wakakataa, kisa ni uvumi kwamba ni pesa za ibada ya shetani, na shirika lenyewe likaandika hadharani jinsi lilivyoshangaa. Mtu akikupa pesa bila kukutaka kitu unaogopa, ni kawaida. Lakini bintiyo ametakwa kitu, ametakwa masaa yake na majibu yake, kwa hivyo amefanya kazi akalipwa.

Kuhusu mate, utafiti wa tabia kwa kawaida hauna damu, ila mate huchukuliwa saa nyingine kwa sababu ndani yake kuna homoni inayopanda mtu akiwa na msongo wa mawazo. Kule Rarieda, Siaya, watafiti walifuata familia zilizopewa pesa na zile zisizopewa, na pamoja na maswali ya chakula na mabati wakachukua mate wapime hiyo homoni. Hakuna zaidi ya hapo. Na kitu chochote kinachotoka mwilini, iwe mate au hata unywele, lazima kiwe kimeandikwa kwenye fomu ya ridhaa kwamba kitachukuliwa na kitapelekwa wapi na kitatupwa lini, na kama hakimo basi wasikiguse.

Mimi mama ningekuwa wewe ningeogopa kitu kingine, ningeogopa habari zake. Unakumbuka 2023 vijana walivyopanga foleni KICC kuskaniwa macho na kampuni ya Worldcoin wapewe pesa za mtandaoni, foleni mpaka usiku? Agosti hiyo serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ya macho ya watu ifutwe. Ile haikuwa utafiti wa chuo, ilikuwa biashara, lakini watoto wetu kwa pesa ya haraka hawatofautishi. Basi badala ya kumkataza, manake keshakushinda hapo, mwambie akupigie picha ya fomu kabla hajatia sahihi akutumie kwa WhatsApp, na mwangalie pamoja vitu viwili vitatu, nani anafanya, chuo gani, kamati gani ya maadili imeidhinisha na namba ya simu ya hiyo kamati ipo, na majibu yake yatahifadhiwa kwa jina au kwa namba. Sheria ya kulinda data ya 2019 inampa haki ya kujua habari zake zinatumika vipi. Mtoto akiona mama anauliza maswali ya maana ataleta fomu mwenyewe.

Na mtu mzima wa chuo hujitilia sahihi. Angekuwa chini ya miaka 18 ingebidi wewe mzazi ukubali kwanza kisha naye aulizwe.

Mambo vipi kaka. Mwenzenu nipo Sinza, Dar, nimejichanganya. Kuna utafiti walikuwa wanataka madereva bodaboda, mimi ni fundi simu, nikasema ni bodaboda nikapita. Nikalipwa elfu ishirini. Nikaona dili tamu nikarudi kwa laini ya mdogo wangu nikafanya tena, hiyo ya pili haijaingia mpaka leo. Niwapigie niulize au ninyamaze?

Duh. Poa mtu wangu, angalau umeuliza bila kupaka rangi.

Ya pili haitaingia. Wanaangalia majina ya laini, wanaangalia mwaka wa kuzaliwa, saa nyingine yule binti aliyekuhoji anakumbuka sura yako kabisa ila kanyamaza kwa sababu hataki vurugu pale. Halafu ndani ya maswali kuna mitego, utakuta katikati swali linasema kwenye hili chagua namba nne hata kama hukubaliani, wanaangalia kama unasoma au unabonyeza tu. Kuna swali moja linaulizwa mwanzo na linarudi mwisho kwa maneno mengine. Bodaboda wa kweli akiulizwa mafuta ya siku ni kiasi gani anajibu kabla hujamaliza swali, sasa wewe ulijibu nini?

Tuseme hiyo ya kwanza imepita hawajaijua. Walikuwa wanatafuta nini? Labda madereva wanaweka akiba vipi, labda kofia ngumu, labda bima. Majibu yako yameingia humo kama majibu ya dereva. Ni kama mteja akuletee simu iliyoangukia kwenye maji akakuapia haijawahi kugusa maji, utafungua kila kitu na utalaumu betri. Na mradi ukianzishwa kwa data ya hivyo wanaoumia ni bodaboda, wewe umeshakula elfu ishirini yako.

Usiwapigie kudai. Kama unataka kuwapigia, piga useme ile ya kwanza waitoe, mimi sio dereva. Hawatakupeleka polisi, watashukuru na watakufuta kwenye orodha, ndo gharama yake. Na laini ya mdogo wako mwachie mwenyewe, kesho kaitwa kwa haki yake anakuta jina limeshachafuka.

Hivi mtu anaweza kuishi na hizi risachi kama kazi? (Meseji, haikuwa na jina wala mahali)

Hapana. Kituo kikiona sura moja kila mara kinakuondoa, wanataka watu ambao hawajazoea michezo. Za mtandaoni nazo nyingi zinachagua nchi, na wale wanaouza akaunti za watu wa ng'ambo kwa Telegram wanakuuzia kitu kitafungwa siku ya kutoa pesa.

Kaka salama? Niko Columbus, Ohio, nasoma shahada ya kwanza, kwetu ni Goma. Kozi ya saikolojia inatutaka tushiriki tafiti za idara tupate alama, na zingine wanalipa dola. Juzi niliingia moja, wakaniambia ni ya kumbukumbu, kumbe walikuwa wanaangalia kama nitamsaidia mtu aliyeangusha karatasi, na huyo mtu ni wao! Mwisho wakanieleza wakicheka. Mimi sikucheka. Inaruhusiwa mtu kudanganywa hivo? Na hizo dola, mimi ni wa visa ya mwanafunzi, hazitaniletea shida?

Salama ndugu yangu. Hasira yako ina haki, na pia jibu ni ndio, inaruhusiwa, lakini kwa masharti ambayo yalipatikana kwa uchungu wa watu.

Kwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1961 mwanasaikolojia Stanley Milgram aliweka tangazo kwa gazeti la New Haven akitafuta watu wa utafiti wa kumbukumbu, kama wewe tu, malipo dola 4 na senti 50 za nauli kwa saa moja. Waliofika wakaambiwa wampige shoti ya umeme mtu wa chumba cha pili kila akikosea, na shoti inapanda. Umeme haukuwepo, anayelia alikuwa mwigizaji. Kwa lile jaribio linalotajwa sana, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho wa mashine, volti 450, kwa sababu mtu wa koti la maabara aliwaambia endelea. Walitetemeka, wengine walicheka kicheko cha wazimu, na wakarudi nyumbani na hiyo habari juu yao wenyewe. Miaka 10 baadaye kwa Chuo Kikuu cha Stanford, vijana wakalipwa dola 15 kwa siku waigize wafungwa na askari jela, ilipangwa wiki mbili ikavunjwa baada ya siku 6. Na mbaya kupita zote, ingawa hiyo ilikuwa ya ugonjwa na haikuwa ya tabia, ni Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972, wanaume weusi mia sita hivi, karibu 400 kati yao wakiwa na kaswende, wakapewa chakula na ahadi ya gharama za mazishi na wakanyimwa matibabu hata dawa ilipopatikana. Hiyo ilipofichuka ndo Marekani ikapitisha sheria ya 1974 ya kulinda watu wanaofanyiwa utafiti, na 1979 ikatoka Ripoti ya Belmont, ile ya misingi ya maadili ya utafiti, ambayo kamati za maadili za vyuo bado zinaifuata.

Sasa kwa wanasaikolojia, udanganyifu unakubaliwa tu kama hakuna njia nyingine ya kupima kitu chenyewe, usiwe wa kukuumiza, na ukweli uambiwe mapema iwezekanavyo. Na kuna hii ambayo hawakuisema kwa sauti, baada ya kuelezwa una ruhusa ya kusema basi majibu yangu yatoeni. Bado unaweza, andika imeili kwa mtafiti na nakala kwa kamati ya maadili ya chuo, anwani iko kwa ile fomu uliyotia sahihi. Na waambie kile kicheko hakikukupendeza, kamati inapenda kujua hayo. Kwa taarifa yako wachumi wao wana mwiko wa kudanganya, maabara ya uchumi ikisema utalipwa kwa jinsi hii ndo hivo hivo, manake wakigundulika mara moja hakuna mshiriki atawaamini tena. Kwa hivyo kama hutaki michezo ya namna hiyo tafuta tangazo la idara ya uchumi, na huko ndo wanalipa dola kuliko alama.

Na kama ni alama za kozi, hawaruhusiwi kukulazimisha ushiriki, lazima kuwe na njia nyingine kama kuandika insha fupi. Uliza mwalimu, wengi hawatangazi.

Pesa zenyewe zinahesabiwa ni mapato kule Marekani hata kama ni kidogo, ndo maana saa nyingine wanakupa fomu ya kodi kabla ya kadi ya zawadi. Kwa habari ya visa usinisikilize mimi wala rafiki yako wa bwenini, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize kwa imeili ujibiwe kwa imeili, uweke, halafu ndo uchukue hizo dola.

Nilishiriki utafiti hapa Kahawa West, ni wiki ya pili pesa haijaingia. Kila nikipiga wananiambia ni sistimu.

Fomu uliyobaki nayo ina namba mbili. Wewe umekuwa ukipiga ya mtafiti. Piga ya pili, ya kamati ya maadili, utaje jina la utafiti na tarehe uliyoshiriki. Huwa sistimu inapona jioni hiyo hiyo. Ila kwanza angalia laini uliyowapa iko kwa jina lako, nimeona pesa nyingi zikirudi kwa sababu mtu aliandika jina lake na namba ya mke.

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, Morogoro vijijini. Mwenyekiti wa kitongoji kaja na vijana wawili wa chuo, kasema kaya yangu imechaguliwa kwa maswali ya mambo ya nyumbani, mimi na mume wangu tunavyoamua matumizi. Wameleta miche ya sabuni. Mimi sitaki kusema mambo ya ndani kwangu, ila mwenyekiti amekaa pale pale. Nikikataa si atanikumbuka siku ya mbolea ya ruzuku?

Marahaba mama.

Mwenyekiti kazi yake iliisha pale alipowafikisha mlangoni. Inabidi aletwe kwa sababu mtafiti hawezi kuzurura kijijini bila uongozi kujua, na Tanzania hao vijana wanatakiwa wawe na kibali, cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) au barua ya chuo chao kama ni wa chuo kikuu kilichoruhusiwa kutoa, pamoja na barua za mkoa na wilaya. Lakini kusikiliza majibu yako hana ruhusa kabisa, hata mume wako hatakiwi kuwepo wewe ukijibu na wewe usiwepo yeye akijibu. Waambie wale vijana, sitaongea mpaka tubaki wenyewe. Kama wamefundishwa vizuri watamuaga mwenyekiti kwa heshima, watamwambia mzee asante sana tutapitia kwako jioni. Wakishindwa kumuaga, hapo hapo una sababu ya kutosha.

Mkibaki wenyewe ndo useme unachotaka. Unaweza kukataa yote. Unaweza kukubali maswali ya shamba na mifugo na ukifika yale ya wewe na mumeo ukasema hilo ruka, wanabonyeza "amekataa kujibu" wanaendelea, kitufe hicho kipo kwenye tableti, sio kwamba unawaharibia. Nani kakataa na nani kakubali hawatakiwi kumwambia mwenyekiti wala ofisi ya kijiji, na tangu 2022 kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Najua sheria iko Dodoma na wewe uko huko na mwenyekiti. Kwa hiyo njia nyepesi ni ile wanayoitumia wanawake wengi niliowahi kukaa nao kwenye mikeka, karibisha wageni, jibu idadi ya watoto na ekari za mahindi, halafu yale mengine sema hayo mume wangu ndo anajua na leo hayupo. Mwenyekiti ataona umehojiwa, vijana watapata nusu yao, na mambo yako ya ndani yamebaki ndani.

Sabuni chukua. Kama walishakukabidhi kabla hawajaanza kuuliza ni yako, hata ukijibu swali moja.